Mheshimiwa, Mwachie Bingwa Nafasi ya Kukataa

Mheshimiwa Mzee wangu,

Kabla sijasema lolote naomba radhi, maana najua mtu wa ngazi yako huandikiwa kupitia kwa katibu wake, kwa bahasha iliyofungwa, wala si hadharani kama nifanyavyo leo. Njia hiyo niliijaribu. Nilifika getini kwako mara mbili, nikapokewa vizuri, nikapewa chai na kuambiwa kuwa uko safarini. Sasa siku ya shughuli inakaribia, na jambo lenyewe linawahusu wakubwa wengine wengi wanaoandaa shughuli kama yako, ndiyo maana nimethubutu kuandika mahali ambapo wao pia watasoma. Jina lako sikuliandika na halitatoka kinywani mwangu. Ukiona nimevuka mpaka, nirudi kama mzazi anavyomrudi mwanawe, nami nitapokea.

Naanza kwa shukrani. Kamati yako ilinipa heshima ya kuratibu sherehe ya kutimiza kwako miaka 60. Kazi hii ndiyo iliyonisomeshea watoto: harusi, sendofu, ubatizo, maulidi, kufungua nyumba. Katika kikao cha pili mjumbe mmoja alisimama akasema, "Mzee angependa bingwa awepo," akataja jina la mwanariadha ambaye nchi nzima inamjua. Kikao kizima kikapiga makofi. Tukaendelea na bajeti: mahema, viti, mpambaji, ndafu, vinywaji, bendi, mpiga picha. Kila mstari ukapata kiasi chake na malipo ya awali. Tulipofika kwenye mstari wa bingwa, mweka hazina akachora kistari. Nikauliza tumwekee nini. Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Huyo atakuja kwa heshima ya Mzee."

Kwa unyenyekevu wote, Mheshimiwa, barua yangu inahusu kistari kile.

Usidhani sielewi kwa nini unamtaka. Naelewa, na natamani sana wajukuu wako wamwone kwa macho yao. Mnamo Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda mbio za marathoni za mashindano ya dunia kule Tokyo, huku kwetu bado kulikuwa giza. Kilomita 42 na ushei, na mwishoni yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Asubuhi hiyo nilipanda daladala, na abiria ambao siku nyingine hugombania dirisha walikuwa wakipokezana simu moja kutazama zile hatua za mwisho. Dereva alisimama kituoni muda mrefu kuliko kawaida ili naye aone. Mtu anayeweza kuwafanyia watu hivyo, nani asingependa kumwona ameketi chini ya hema lake?

Lakini naomba uniruhusu nikusimulie jambo lililonipata, maana ndilo linalonisukuma.

Miaka kadhaa iliyopita niliratibu sherehe ya mkubwa mwingine, nje kidogo ya mji, kaskazini. Naye alimtaka mwanariadha, na mimi ndiye niliyepiga simu. Nilimwambia kijana yule, "Mzee anakuomba ufike Jumamosi." Kimya kikapita, nikasikia pumzi yake. Kisha akasema, "Sawa kaka. Mzee akiita, utasemaje?" Nilimshukuru nikakata simu, nikaweka alama ya vema kwenye daftari. Maneno yale niliyasikia kama kukubali.

Aliambiwa afike saa kumi na mbili jioni, akafika saa kumi na mbili kasoro. Mwenye shughuli aliingia saa tatu usiku. Meza kuu ilikuwa imejaa, kwa hiyo bingwa aliketishwa nyuma karibu na jenereta, pamoja na madereva. Medali yake alikuja nayo imefungwa ndani ya soksi nyeupe ya mtoto, na soksi ameitia mfuko wa ndani wa koti. Saa tano usiku mshereheshaji akamwita mbele. Akaivaa medali, watu wakapiga vigelegele, kisha ikavuliwa shingoni mwake ikaanza kuzunguka meza kwa meza. Wageni wanaivaa, wanaiuma kwa meno, wanapiga picha. Yeye alikuwa akiongea kwenye kipaza sauti, ila macho yake yalikuwa yanaifuata medali ilikokwenda.

Halafu mshereheshaji, kwa kuchangamsha ukumbi, akatangaza kwamba bingwa atashindana na vijana wa familia kwenye maegesho. Hilo halikuwemo kwenye ratiba. Maegesho yalikuwa ya kokoto, naye amevaa viatu vya ngozi vya kamba. Alinitazama. Mheshimiwa, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempigia simu, nami nikageuza uso kana kwamba kuna sahani naihesabu. Akakimbia. Alikimbia taratibu ili mtoto wa mwenye shughuli ashinde, na watu wakafurahi mno. Aliporudi nilimwona ameshika nyuma ya paja, anatabasamu.

Saa saba usiku alipewa bahasha. Niliijua bahasha ile kwa sababu niliiandaa mwenyewe: nauli na kidogo cha soda. Aliipokea kwa mikono miwili akasema asante. Asubuhi yake ilikuwa ya mbio ndefu kambini, ile ya kilomita 30 na zaidi ambayo kocha hasamehi. Wiki chache baadaye nikasikia amejitoa kwenye shindano alilokuwa akijiandalia. Kama ni zile kokoto, hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kumwuliza.

Tangu usiku ule nimeyarudia maneno yake mara nyingi. Mzee akiita, utasemaje? Mheshimiwa, watu wa hadhi yako mnapoomba, anayeombwa husikia amri hata kama nyinyi hamkuitoa. Nyinyi wenyewe mara nyingi hamjui, kwa sababu aliyekubali kwa hofu na aliyekubali kwa furaha wote huitika "Sawa Mzee" kwa sauti ileile. Sauti ya hofu huisikia mtu wa kati kama mimi, na mtu wa kati naye ana kazi yake ya kuilinda. Hivyo ndivyo heshima yako inavyoweza kutumika kumwumiza mtu bila wewe kunyanyua hata kidole.

Si kwetu tu. Mmarekani Jesse Owens alishinda dhahabu 4 katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Kabla hata hajapumzika, wakubwa wa riadha wa Marekani wakampitisha mji hadi mji Ulaya kukimbia mbio za maonyesho. Watazamaji walilipa kiingilio, fedha zikaenda kwa viongozi, naye hakupata kitu. Alipochoka na kukataa kwenda Sweden, akarudi nyumbani, wakamfungia. Mwezi Desemba mwaka huohuo alikuwa Havana, Cuba, akishindana na farasi ili apate riziki. Wengi wakisimulia habari hii huhuzunikia mbio zile za farasi. Mimi huzihuzunikia zaidi zile mbio za Ulaya. Kwa farasi angalau alilipwa, na alikubali mwenyewe.

Hapa nyumbani tuna Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16 huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia nyuma. Dunia nzima ikasubiri warudiane katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Sibishi uamuzi ule, ulikuwa wa haki. Lakini Walker alichukua dhahabu, na Bayi alibaki nyumbani katika miaka yake bora. Miguu ile ilibeba deni la bara zima, na sijui kama tumewahi kukaa chini tukamshukuru inavyostahili.

Miaka minne baadaye, Februari 1980, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka nchi za Afrika kuzishawishi zisiende Olimpiki ya Moscow. Akashuka Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukutana naye. Waandishi wakambana kwa maswali kuhusu Marekani na Afrika Kusini, na Ali, kwa uungwana wake, akakiri kwamba yapo mambo ambayo hakuwa ameelezwa kabla ya kupanda ndege. Fikiria, Mheshimiwa: bingwa mkubwa kuliko wote wa zama zile, amebebeshwa ujumbe wa mtu mwingine, amesimamishwa mbele ya watu wanaoujua undani wa jambo kuliko yeye. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi michezo ya Paris mwaka 2024 imeisha, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo.

Nimekumbuka ya Ali kwa sababu kwenye ratiba ya kamati kuna mstari usemao bingwa "atatoa maneno machache kumhusu Mzee". Naomba uniwie radhi sana hapa. Mtaani watu wanasema unaweza kugombea. Kama ni kweli au si kweli, hilo ni lako na sitaki kulijua. Lakini picha ya bingwa akikusifu, na ukuta wa nyuma umejaa nembo za kampuni zako, haitabaki kwenye albamu ya familia. Kesho yake itakuwa kwenye simu za watu, na atakayeulizwa "wewe uko upande gani?" ni yeye, siyo wewe. Tena wanariadha wengi wa kiwango hicho wana mikataba na kampuni za viatu na mavazi, na mikataba hiyo hueleza nembo gani asionekane nayo. Picha moja ya sherehe inaweza kumgombanisha na mdhamini anayemlisha mwaka mzima.

Yapo mengine ambayo sisi wa mahema na viti hatuyajui, na ambayo nilijifunza kwa kuwauliza makocha baada ya lile la kokoto. Mwanariadha wa marathoni wa kiwango cha juu hukimbia marathoni mbili hivi kwa mwaka, na kila moja huitengenezea miezi mitatu au minne. Usiku mmoja wa kukesha ndani ya miezi hiyo hauishii usiku huo. Tena aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa hutakiwa kueleza mapema atalala wapi kila usiku, na kutaja dakika 60 za kila siku ambazo mpimaji akija lazima amkute pale alipopataja. Akikosekana au akikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa hadi miaka 2, hata kama hajawahi kugusa dawa yoyote. Sasa sisi tunampigia Alhamisi aje Jumamosi alale shambani kwa Mzee! Na vinywaji tunavyomlazimisha kwa ukarimu, na ile mitishamba ya kuongeza nguvu ambayo lazima kila shughuli apatikane mjomba wa kuisifia: kitakachokutwa mwilini mwake ni jukumu lake yeye. Anapofunika glasi kwa kiganja, watu wetu humwona ana maringo.

Na barabara. Februari 2024 tulimpoteza Mkenya Kelvin Kiptum, mtu aliyekuwa ameshusha rekodi ya dunia ya marathoni hadi saa 2:00:35 kule Chicago, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, kwa ajali ya gari usiku karibu na Kaptagat. Simaanishi kwamba alitoka kwenye sherehe ya mtu. Nasema tu kwamba tangu siku ile siwezi kumuaga mgeni yeyote saa saba usiku na kumwambia "safari njema" huku nikijua ana masaa matatu ya barabara mbele yake.

Basi Mheshimiwa, baada ya kukuchosha kwa maneno mengi, ninachokiomba ni kidogo.

Naomba kile kistari kifutwe, na mahali pake paandikwe fedha halisi, nusu wakati wa kusaini mkataba na nusu kabla hajapanda jukwaani. Mwenye mahema hatufungulii turubai hata moja bila malipo ya awali. Mchoma ndafu hamgusi mbuzi. Bendi haishushi spika kwenye gari. Hakuna anayesema kwamba hao wamekukosea adabu. Katika riadha yenyewe jambo hili si geni: mashindano makubwa huwalipa nyota ada ya kufika, hata kabla ya kujulikana nani atashinda. Kiasi gani, meneja wake atasema. Tafadhali tusikitafutie punguzo kwa kutaja jina lako.

Naomba ratiba yake iandikwe na isiongezwe neno. Afike saa fulani, asalimie, apige picha na wajukuu, ale akitaka, aondoke saa mbili usiku au alale hotelini kwa gharama yetu. Medali asiivue. Mbio zisiwepo. Mshereheshaji nitamkalisha chini mwenyewe nimweleze, na safari hii macho yangu hayatakwenda kwenye sahani.

Na kama tarehe inagongana na mazoezi yake, wapo wakongwe. Wapo watu katika nchi hii waliotuvalia jezi ya taifa miaka ya 1960 na 1970, ambao leo hakuna kocha atakayewadai usingizi. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Mexico, akaumia goti, na akaingia uwanjani amefungwa bandeji, akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alimaliza wa mwisho, na dunia inamtaja mpaka leo. Wakongwe wa kizazi kile wakikaa na mtoto wa miaka kumi kwa nusu saa, mtoto yule hatasahau. Wao pia walipwe. Wao hasa, maana wakati wao hapakuwa na fedha kwenye mbio.

Lakini la msingi ni hili moja, na ndilo lililonifanya nivunje adabu ya kuandika hadharani. Naomba bingwa aulizwe kwa namna ambayo anaweza kukataa. Asipigiwe simu na mimi wala na mtu wa ofisi yako. Barua iende kwa meneja wake, miezi miwili kabla, na ndani yake pawe na maneno yako mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba akisema hapana hutakasirika, hutauliza sababu, na hakuna mtu wako atakayemkumbusha jambo hilo baadaye uwanjani, wizarani au benki. Maneno hayo mimi siwezi kumwandikia kwa niaba yako. Yakitoka kwangu hatayaamini, na atakuwa na haki.

Rasimu ya barua hiyo nimeipeleka kwa katibu wako leo asubuhi, pamoja na bahasha yenye stempu. Ni ukurasa mmoja. Chini nimechora visanduku viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja cha ndiyo na kimoja cha hapana, na juu yake nimeacha mistari minne mitupu kwa ajili ya mwandiko wako. Kama kalamu yako itapita pale, kamati itaniambia, nami nitaanza kuhesabu viti.

Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Mratibu wa shughuli yako